Jumatatu, Lutoboka

Nakujua kwa shuka lako.
Uso wako sijauona, mgeni wa chumba namba saba,
lakini najua ulikula sangara kitandani,
ulilia kidogo, upande wa dirisha,
na mchanga uliuingiza ndani kwa miguu yote miwili
kana kwamba ufuo nao umo kwenye risiti.

Feri ya asubuhi imekuchukua.
Honi moja, moshi, kisha ghuba ikanyamaza
kama darasa mwalimu akiingia.
Nyinyi huita hapo mwisho wa likizo.
Sisi huita Jumatatu.

Jumatatu Nabukalu anafungua zahanati.
Jumatatu mwanangu Kigongo anapanda kilima cha shule
na ndara mbili zisizo ndugu:
moja ya buluu, uliyoisahau wewe,
moja ya kijani, ya mwenzako wa Pasaka.
Huko juu, kwenye michikichi, watu wameshaanza kuangusha vishada
na mgongo wa kila mmoja una historia yake.

Aprili mvua ilitushika siku tisa.
Umeme ukaenda zake, feri ikakwama ng'ambo,
chumvi tukagawana kwa kijiko, mlango kwa mlango.
Hakuna aliyetupiga picha.

Desemba alikuwa amekufa Kiwalabye,
yule wa kudaka kamba ya feri gatini.
Hakuna mgeni asiyekanyaga ubao alioushika yeye.
Tulimlaza sebuleni kwake,
hatua mia mbili kutoka kwenye spika zenu.
Kila tulipotaja sala
besi iliwahi kuitikia.

Kaka yangu Ssebbowa akateremka na tochi,
kofia mkononi, maneno ameyapanga njiani.
Kijana mmoja, miwani ya jua usoni saa tano ya usiku,
akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza
bila ubaya wowote:
"Kwani huku wanaishi watu?"

Bila ubaya.
Angetutukana tungejua pa kuliweka.

Sauti ilipungua. Nusu saa.

Asubuhi nikamwona anapanda,
miwani hana, viatu hana,
kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa hoteli.
Alisimama uani kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Bibi Nnaalongo hakumuuliza kitu.
Alimpa kisu na mkungu wa matoke.
Akamenya kama achongaye penseli,
mbuzi wakapata zaidi kuliko sufuria,
akajikata kidole, Nabukalu akamfunga,
na hapo ndipo mjane alipocheka,
mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Marehemu aliitwa nani?"
Tukamwambia.
Akalitamka jina, akalivunja.
Akalirudia, likachechemea.
Mara ya tatu likasimama.

Sisemi aliongoka.
Amekuja tena mara mbili, na bado anakoroma,
bado taulo huliacha sakafuni likiwa limelowa.
Ila akishuka gatini, kabla ya mizigo,
husimama na kuuliza,
"Nani hayupo?"
Nasi humwambia. Wakati mwingine jibu ni refu
na bia yake hupata joto.

Chumba saba, mchanga wako nimeukung'uta dirishani.
Umeshafika kwao.
Shuka nimelifua mara mbili kwa ajili ya ule mchuzi,
sasa liko juani, jeupe, halimkumbuki mtu.

Kamba lililoanikwa ni kipande cha ile ya feri,
alinipa Kiwalabye ilipozeeka.
Fundo la kwenye mpera alilifunga mwenyewe.
Upepo wa ziwa unalivuta mwaka mzima,
wikendi na siku za kazi,
na mimi sijawahi kulikaza.