Kitundu

Oili ilipanda juu ya alama, na hakuna aliyeiongeza.
Hilo ndilo lililonishtua.
Nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena:
chai ya maziwa iliyopoa,
yenye povu, inayonata vidoleni.

Baba akaapa ni gasketi.
Kichwani mwake alikwisha kuiuza boti, kipuri kwa kipuri,
akingoja mvua ya Quemchi ikatike,
na mvua ya Quemchi haikatiki.

Bi Ercilia Huenchur alishuka gatini na chupa ya chai na ndoo.
"Mmeiwasha mara ngapi tangu muone?"
Baba akawatazama kome walioganda kwenye nguzo.
"Mara tatu," nikasema mimi.

Akalegeza bolti ya sampu, robo kwa robo.
Injini ililala usiku kucha; kilicho kizito kimetua chini,
nacho ndicho hutangulia kutoka.
Yakaja maji, kama nusu bilauri,
ndipo ikafuata ile chai.
Akachovya kidole katika yale ya mwanzo, akaonja,
akatema nje ya boti.

"Chumvi."

Basi si maji ya rejeta, yale yana utamu.
Ni bahari yenyewe,
na bahari ina milango michache ya kuingilia.
Ekzosi: kavu.
Kipoza oili akakiziba upande mmoja, akakijaza upepo ndani ya ndoo:
hata kiputo.
Ikabaki pampu.

Kati ya sili ya maji na sili ya oili
pampu huachiwa kitundu, mfano wa tundu la hereni,
ili sili ikichoka maji yadondoke nje, uyaone.
Akamulika tochi. Kitundu hakikuwepo.
Palikuwa na silikoni nyeupe, imelainishwa kwa kidole gumba.
Kazi safi kabisa.

"Ilikuwa inadondoka," Baba akasema. "Tangu Agosti.
Tone, tone, usiku kucha, na mimi nimelala humu."

Agosti ndipo kitanda cha nyumbani kilipomzidi upana.

Bi Ercilia hakujibu kitu.
Alichukua sindano ya nyavu, akaizibua.

Tulimwaga oili mara nne ndipo ikarudi rangi ya asali.
Sili zilikuja na feri ya Alhamisi.
Chini ya kitundu Baba ameweka kopo la jodari,
hulichungulia kabla ya kunywa chochote.

Jana lilikuwa na tone.
Akaniita, nikachovya kidole.
Mvua tu.