Safu ya Kumi na Nne

Usiku kucha ziwa limetema theluji juu ya Buffalo.
Ludmila Prokop amekuja kwa miguu, buti za mpira,
kipande cha mkate mweusi mfukoni,
hadi ghorofa ya tatu ya shule ya uuguzi,
chumba kilekile, mwaka wa thelathini na moja,
dirisha likitazama bomba la mvuke na njiwa wake wawili.

Hajawahi kumfunga mtu bendeji.
Damu humpa kizunguzungu; wauguzi wanalijua hilo
na hawaachi kumtania.
Lakini wakiwa na swali humpandishia yeye,
wamelishika kama saa iliyokufa:
"Tukiwapigia simu kila Jumatatu, watakufa wachache?"
Naye, bila kuinua macho:
"Wachache kuliko akina nani?"

Basi wakahesabu. Wagonjwa mia nne na kumi na wawili
wenye mioyo iliyochoka, wengi wao wazee
wa viwanda vya chuma vilivyozimwa zamani.
Kila alfajiri, kabla ya kahawa, panda kwenye mizani,
andika ratili zako.
Maana maji ya moyo mchovu hayabishi hodi.
Haba na haba: ratili leo, ratili kesho kutwa,
na kibaba kinachojaa ni pafu.

Safu ya kumi na nne: uzito wa asubuhi.
Namba 217: mia na themanini na moja. Themanini na moja.
Themanini na mbili. Themanini na moja.
Kisha nukta.
Nukta, nukta, nukta hadi mwisho wa mstari,
kwa kuwa kompyuta yake huweka nukta pasipo na kitu.

Hser Nay, kijana anayejifunza kazi, akasema: tumfute.
Lugha ninayoandikia ingemuunga mkono:
asiyekuwepo na lake halipo.
Ludmila alimaliza mkate wake kwanza. Kisha:
"Tukibaki na waliobaki tu, tutapata tiba nzuri ajabu.
Itamponya kila mtu aliye mzima."
Angeweza kuzikisia zile nukta, mara ishirini,
akiazima kwa wenzake wa umri ule, presha ile,
na kila kisio akalitia shaka yake, kama chumvi.
Ni kazi halali. Ndiyo iliyompa cheo.
Siku ile aliinua simu.

Concetta Marziale, muuguzi wa zamu ya mchana,
akaendesha gari hadi Lackawanna, akarudi na theluji mabegani.
Mzee yu hai, alisema. Mizani iko bafuni, nzima.
Ila tumbo limemzidi, hawezi kuinama aone namba.
Mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea.
Mkewe alizikwa Novemba.

Bomba la mvuke lilikohoa.
Nukta zile zote, mstari mzima, zilikuwa mwanamke.

Ludmila akafungua safu ya kumi na tano:
Nani anasoma mizani?
Moja, mwenyewe. Mbili, mwingine. Tatu, hakuna.
Wakawapigia wote, mmoja mmoja, hata baridi ikaisha.
Matokeo: tofauti ndogo, mipaka mipana,
mstari mmoja katika jedwali la tatu,
jina lake la tano kati ya sita.
Mradi uliofuata ulinunua mizani inayotamka.
Concetta anasema ina sauti ya karani wa benki,
lakini wazee huijibu.

Mwezi wa sita walimuaga. Keki yenye mchoro wa kengele;
Hser Nay akakata mkia wa kulia, akampa.
Akaula wote, amesimama.

Sasa, asubuhi, nyumbani, kabla ya kahawa,
hupanda kwenye mizani yake ya zamani, ile ya mshale,
huinama, maana bado anaweza,
akasoma kwa sauti bafuni:
mia na arobaini na tatu.
Hungoja kidogo.
Kisha huandika.