Mafuta ya Mgongo Wazi

Siku ya kwanza sikupewa nyundo.
Nilipewa gurudumu la baiskeli lisilo na tairi,
mkanda wa mpira, feni ya bati,
na neno moja: Zungusha.
Nikazungusha wiki mbili, makaa yakila pumzi zangu.
Fundi Egesa, mzaliwa wa Samia, kwenye vilima vya mawe mekundu,
hakunitazama. Alitazama chuma.

Hapa Kibuye kila kelele ina mwenyewe:
huyu anakunja bati za masanduku,
yule anakata mapipa yawe majiko,
na sisi nyuma kabisa, gizani,
kwa sababu jua, asema fundi, hudanganya rangi.

Rangi ndiyo somo. Hana kipimo kingine.
Chuma kikiwa nyanya mbivu, bado.
Kikiwa papai, piga.
Kikianza kuwa cheupe na kurusha nyota
umekwisha kukiua. Kitupe,
nunua kipande kingine kwa pesa zako.
(Nimenunua mara tatu. Springi ya lori si bure.)

Piga huku ukisikiliza. Fuawe letu ni kipande cha reli.
Nyundo ikilia ngi, chuma kimekubali.
Ikilia ko, kimepoa,
unachopiga ni kiburi chako.

Kisu changu cha kwanza kilikuwa na tumbo.
Cha pili kilipinda kama mtu anayenong'onezwa.
Cha tatu kilikuwa kizuri,
nikakichovya majini kwa pupa, fundi akiwa kwenye chai,
nikasikia ti,
sauti ndogo, ya kikombe kuvunjika nyumba ya pili.
Aliporudi alikivunja kama biskuti,
akanionyesha chembe zake ndani, za kijivu, nene kama sukari.
"Hii ndiyo haraka," akasema. "Itazame vizuri,
wengi huifanya wasiione.
Maji mwachie jembe. Kisu kinataka mafuta."

Nikaenda Obunga kwa mama.
Mama hukaanga mgongo wazi:
kichwa, mkia, na mifupa katikati.
Minofu ilibaki kiwandani, ikapanda ndege.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husema watu.
Nami, nimeshika dumu la mafuta meusi
yaliyotumika tangu Jumatatu, nikawaza
kisu hicho kiko wapi, na mpini wake kaushika nani.

Mama akauliza tu: Dumu utalirudisha?

Cha nne kikazama kikiwa papai.
Moshi ukapanda, banda zima likanuka mbuta,
hata jirani mfua sufuria akauliza ugali uko wapi.
Nikangoja ile ti.
Nikangoja.
Tupa ikateleza juu ya makali kama juu ya kioo.
Nikakisugua kikang'aa, fundi akakirudisha kando ya makaa,
polepole, hadi rangi ya nyasi kavu
ikatambaa kutoka mgongoni.
"Sasa," akasema. Basi.

Mpini ni wa mpera, umekaa upande kidogo.
Jioni nikampelekea mama, nikitaraji neno.
Akakipima kwa ukucha wa kidole gumba,
akakwangua magamba ya kichwa kimoja,
akakwangua cha pili,
akasema kimepinda,
akaendelea.

Kile chake cha dukani
nimekiona leo asubuhi,
kimechomekwa mlangoni badala ya komeo.