Sampuli ya Arobaini na Moja

Arobaini zilikuwa na ruhusa:
tofali la hosteli, plasta ya maktaba,
kokoto za Ntyuka zilizosahaulika nyuma ya bweni,
kigae cha choo cha utawala,
saruji iliyoganda kwa umbo la mfuko wake.

Nilitwanga kwenye kinu cha chuma, nikachekecha
kama unga wa uwele,
nikajaza makopo, nikaziba kwa gundi, nikaandika tarehe.
Kisha siku thelathini za kungoja,
maana radoni ni gesi, haina adabu ya kukaa;
sharti uifungie mlango mpaka izae,
ndipo uhesabu watoto.

Ya arobaini na moja niliibandua mwenyewe
kwenye ukuta wa tembe, Handali,
udongo na samadi, na alama ya kidole cha bibi.
"Sechelela, unaupeleka wapi ukuta wangu?"
"Nikaupime. Kuna kitu ndani yake hutoka."
"Hutoka siku zote," akasema. "Mimi hukandika tena."

Mnyawami wa maabara
alinyanyua mfuniko kwa mikono miwili.
"Risasi hii haijaua mtu," akaniambia.
"Kazi yake kuuzuia ulimwengu nje."
Kigunduzi kikaanza kusikiliza.
Saa nane usiku umeme ukakatika.
Nikaanza upya Jumanne.

Asubuhi kioo kilikuwa Dodoma tupu:
tambarare, tambarare, halafu jabali.
Potasiamu imesimama peke yake,
thoriamu mbali kidogo,
ukoo wa uraniamu umejipanga mmoja mmoja
kama watu msibani.
Namba zote chini ya kikomo.
Ukuta wa bibi na ukumbi wa mihadhara
walikaribiana hivi
kwamba tofauti yao ilimezwa na kosa la kipimo.

Dakta Chidawali alishika kalamu.
"Hii ya mwisho haimo kwenye pendekezo."
Akaipiga mstari. Ni haki yake.

Jedwali limechapwa, safu arobaini.
Kopo liko kabatini kwangu, gundi haijaguswa.
Nimelisogeza sikioni; kimya.
Humo ndani, mara mamia kila sekunde,
kitu kilichoanza kabla mvua haijapata jina
kinaendelea kutoka,
na bibi, huko Handali, amelowesha udongo,
anaziba nilipobandua.