Asilimia Moja na Robo

Barua ya benki imekuja na salamu ndefu,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
riba yangu: asilimia moja na robo.
Nikavaa miwani ya marehemu Wiebe, nikaisoma tena.
Robo ikabaki robo.

Miaka thelathini na mmoja nilifungua daraja huku Friesland.
Mashua ikija, nashusha kiatu cha mti
kwa ufito na kamba, kama anayevua sarafu;
nahodha atumbukize ushuru wake, niinue daraja, apite.
Sarafu hazikuwa zangu, zilikuwa za halmashauri.
Changu kilikuwa mshahara,
na kila mwezi niliukata ncha:
hamsini, sabini,
mwezi wa mazishi sikuweka kitu.
Leo ni euro elfu kumi na nane na mia sita,
zimelala katika benki ya mtaa wetu,
ambayo jengo lake siku hizi linauza miwani.

Akiba haiozi, tuliambiwa.
Inaoza. Mimi nimeona bei ya siagi.
Mkate wa sukari wa Douwe ulikuwa tatu na nusu,
sasa ni tano na senti tisini, na umepungua kimo.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba changu kina tundu,
na panya aliyelitoboa hana mkia wa kumshika.

Jumapili akaja Froukje na kompyuta yake.
“Beppe,” akasema, ndivyo wajukuu huku huita bibi,
“hebu tutazame wengine wanatoa nini.”

Kumbe wengine wapo!
Mmoja anatoa tatu na ushei, ila ufunge miaka miwili;
kwa miaka yangu sabini na minne
huo ni mkataba na Mungu, si na benki.
Mwingine ana riba ya kumkaribisha mgeni,
tamu miezi minne, kama chingamu,
halafu unabaki unatafuna mpira.
Mwingine yuko Estonia. Nikatafuta Estonia kwenye ramani.
Froukje akanionyesha palipoandikwa kwamba amana inalindwa,
nikasema naamini,
nikaendelea kuitazama ramani.
Na mmoja, wa hapa hapa, jina kama la sabuni:
mbili nukta nne, utoe utakapo, bila faini.

Nikageuza barua ya benki,
nikapiga hesabu mgongoni mwake kwa penseli.
Tofauti kwa mwaka: mia mbili kumi na tatu, senti tisini.
Matairi mawili ya baiskeli, na jino,
na chenji ya mkate.

Wiebe angekataa.
Angenikumbusha Sjoerd wa kaunta,
aliyetupa mkopo wa nyumba wakati wengine wanatucheka,
akaja harusini na jibini zima kwapani.
Najua. Lakini Sjoerd alistaafu kabla yangu,
na aliyeandika barua hii ameniita
“Mteja Mpendwa”.
Miaka arubaini na mitano, na jina langu hawalijui.
Shukrani ya punda ni mateke;
hawa hata teke hawakuniona nastahili,
wamenipa robo.

Nikabonyeza. Froukje akabonyeza, kidole changu kilitetemeka
kikaandika sifuri moja zaidi, akaifuta.
“Kesho itakuwa imefika,” akasema, akavaa koti, akaenda.

Kwa hiyo usiku huu fedha yangu haiko kule wala huku.
Hali hii naifahamu:
daraja liko juu,
pande zote mbili watu wameegemea baiskeli zao,
na mashua yenyewe haina haraka.

Saa tisa usiku nimechungulia simu. Bado.
Nikakata mkate wa sukari, kipande kinene,
nikala nimesimama, gizani,
kwa bei ya leo.