Ubao wa Getini

Mimi ndiye mwenye chaki.
Kila alfajiri, kabla korona haijaanza kunguruma,
nafuta namba ya jana kwa kitambaa kibichi,
naandika ya leo.
SIKU BILA AJALI: 197.
Herufi za bluu, kazi ya Kaoneka, mchora vibao wa Ngamiani,
ambaye naye alianguka ngazini,
mahali pengine, kwenye ubao usio wetu.

Siku ya mia mbili ina zawadi:
kilo tano za sukari, kila mtu.
Shamba zima linahesabu.
Wanawake wa brashi, midomo imefungwa vipande vya kanga
kwa kuwa barakoa zilikwisha Februari,
wananipita wakisema, "Karani, usiteleze mkono."
Wanacheka. Wanakohoa. Wanacheka tena.

Kikohozi hakimo ubaoni.
Hukaa na mtu miaka kumi na moja, kama mpangaji,
kisha siku moja humtoa mwenye nyumba.

Siku ya mia na tisini na nane,
saa nne kasoro robo usiku,
mlango wa huduma ya kwanza uligongwa kwa kiwiko.
Chilumba, mlishaji wa korona,
mkono wa kushoto ndani ya kofia yake.
"Dada Mwanasiti, funga tu. Usiandike."
Vidole viwili havikuwapo. Cha tatu kilining'inia
kama neno ambalo mtu hajaamua kulisema.
"Sema nilikuwa nachinja kuku, nyumbani."
"Kuku gani saa hizi, Chilumba?"
"Ni sukari ya watu, dada. Watu mia tatu.
Kesho nitapitaje getini?"

Nikamfunga. Gari likampeleka Bombo.
Nami nikachukua tochi, nikaenda kuiangalia mashine
ingali na joto.
Kinga ya mkanda ilikuwa imelazwa juu ya matofali manne,
benchi la kunywea chai,
imeng'aa kwa makalio ya mwaka mzima.

Ajali haina kinga, husema watu, na hutikisa kichwa.
Hii ilikuwa nayo.
Tuliikalia.

Fundi Shekalaghe akanijibu bila kunitazama:
"Singa zikinasa, unafungua bolti sita.
Bolti sita ni dakika ishirini.
Dakika ishirini nani atamlipa?"

Kwenye daftari kuna mahali pa *Sababu*.
Nilirudi nyuma kurasa tisa, miandiko mitatu,
makarani wawili walionitangulia na mimi mwenyewe:
uzembe, uzembe, uzembe wa mfanyakazi,
uzembe.
Niliandika: *bolti sita*.

Asubuhi nikafuta ubao.
Sifuri ni rahisi kuchora, mkono unazunguka mara moja tu,
lakini ile niliichora polepole
huku zamu ya kwanza imesimama nyuma yangu, imenyamaza
kama watu waliokuta duka limefungwa.
Mmoja akasema, "Basi chai ya mkandaa."
Hakuna aliyecheka.

Bwana shamba aliniita. Nilikwenda na daftari.
Hayo mengine yabaki ofisini mwake.

Wiki iliyofuata Shekalaghe aling'oa bawaba
za mlango wa choo cha zamani,
akazichomelea kwenye kinga.
Sasa inafunguka kama dirisha,
na ikifunguka, mkanda unasimama wenyewe.
Dakika moja.
Alinionyesha mara tatu, fungua, funga, fungua,
mtu mzima, macho mekundu,
na sikujua kama ni moto wa kuchomelea.

Watu sasa wanakunywa chai wima.

Jana, saa ya kutoka, Bi Makame wa brashi
aliingia chumbani kwangu, akafungua kanga mdomoni.
Ndani yake palikuwa peupe kwa vumbi la singa,
na katikati doa dogo, la rangi ya kutu.
"Na hiki changu," akasema, "kinaandikwa ukurasa gani?"

Nikatafuta ukurasa. Haukuwapo.
Nikachukua rula, nikapiga mistari.
Tukaanza na mwaka alioajiriwa.