Nguzo ya Tisa

Mbwa ndiye aliyejua kwanza.
Alikataa kupita karibu na nguzo ya tisa,
akabana mkia, akalia kama aliyekanyaga kaa,
na Bi Lempi, mfuko wa viazi mkononi,
alimtukana kwanza, kisha akageuka
akarudi dukani kumwambia meneja:
"Nguzo yenu inauma."

Ilikuwa Thunder Bay, Novemba,
theluji ya kwanza imeyeyuka,
chumvi ya barabarani imeiachia lami chunyu.
Meneja alicheka. Raili hakucheka.
Raili Kangas, miaka thelathini na mmoja ya nguzo na ngazi,
vidole viwili vya kushoto havina hisia,
alizima kwenye paneli, akatia kufuli lake jekundu,
akanipa na mimi langu.
"Kufuli la mwenzio halikulindi, Danylo."
Akapima. Akakipima kipimio chenyewe.
Akapima tena.

Tukafungua kidirisha cha chini.
Nyumba njema si mlango: nje rangi ya kijivu, safi;
ndani maji, kiota cha panya,
waya mweusi umechubuka penye ukingo wa chuma,
shaba yake imeegemea nguzo.
Na waya wa kijani?
Ulikuwepo. Umekunjwa vizuri mara tatu,
umefungwa utepe wa manjano,
haujashikana na kitu.

Nikasema nilichofundishwa na mjomba Ostap,
aliyetia taa nusu ya maegesho ya mji huu:
"Lakini kuna fimbo ya shaba, futi kumi chini.
Umeme si huenda ardhini?"

Raili akaketi juu ya ndoo,
akachana kipande cha boksi, akanipa kalamu.
"Hapa chini ni mwamba. Fimbo hii ikiwa na bahati
ina ohimu ishirini na tano.
Volti ni mia tatu arobaini na saba. Gawa."
Nikagawa, vidole vimekufa ganzi.
Ampia kumi na tatu na ushei.
"Breka ni ya ngapi?"
Ishirini.
"Basi breka imelala. Nguzo ndiyo iko macho,
usiku kucha, inangoja mwenye soli zilizolowa."

Akasema: fimbo ni ya radi.
Radi hutoka juu, ikishuka inataka udongo.
Lakini huu umetoka kwenye transfoma
ile, nyuma ya mapipa ya taka,
na udongo wetu hauna haja nao.
Unataka kurudi ulikotoka.
Nikawaza: mkataa kwao ni mtumwa,
na umeme haujapata kuwa mtumwa wa mtu.
"Mpe njia ya shaba, nene, isiyokatika popote.
Atakimbia kwa kishindo, breka itaruka,
taa zitazimika. Na zizimike!
Giza watu hulipigia simu.
Nguzo inayouma hunyamaza."

Tukakwangua rangi na kutu
hadi chuma king'ae kama jino.
Bolti, wosha yenye meno, waya wa kijani,
spana ikakaza mpaka ikasema tki.
Waya mweusi tukauvuta mpya,
ukingo tukauvisha mpira.
Nguzo ya kumi, hivyo hivyo. Ya kumi na moja.
Sita kwa jumla, kijani kimekunjwa mara tatu,
utepe wa manjano.

Mimi naijua ile mikunjo.
Ndivyo anavyokunja kamba za mahema,
nyaya za redio, hata leso zake.
Raili aliniangalia, akatazama utepe,
akautia mfukoni bila neno.
Nami sikusema. Jumapili
nitakwenda kwake na kile kipande cha boksi,
nimpe kalamu. Nimwambie: gawa.

Saa kumi na moja taa ziliwaka zote kumi na nne.
Bi Lempi akaja kuangalia.
Kipimio kilisema sifuri, nikamwonyesha.
Mbwa alikitazama, akaitazama nguzo ya tisa,
akaizunguka kwa mbali.